Aliyeita Upo Kwenye Maji ya Lwengera

Jamaa zangu wa Kang'ata, mmenicheka vya kutosha. Mtu akisimama uani kwangu akaita "Upo?", nanyamaza. Akiita tena, bado nanyamaza. Mama Salehe ameniambia usoni kwamba Hamza ameingiwa na kiburi tangu aende Korogwe, na jirani yangu Ramadhani anasema maji yaliniingia masikioni hayajatoka. Si kiburi na si uziwi. Nitawaeleza safari ilivyokwenda, hatua kwa hatua, kisha mtaamua wenyewe. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu. Pale nitakapoeleza vibaya, kosa ni langu, si la watu niliokuwa nao.

Kang'ata hadi Handeni

Kilichoniondoa mnakijua. Dereva wa lori la mahindi alimletea mama salamu kwamba dada yangu Zaina, aliyeolewa Magoma, mimba yake imefika mwisho na mto Lwengera umefurika, barabara imekatika. Mimba yake ya kwanza mtoto alitoka hana pumzi, na Zaina mwenyewe alivuja damu nusura tumzike. Daktari alionya kwamba safari nyingine asijaribu kuzalia nyumbani.

Mama hakulia. Alifunga kanga yake kiunoni akasema, "Nenda ukamtoe kule, umfikishe hospitali ya Korogwe. Usiniletee maelezo. Niletee mtu."

Nilipokuwa natoka alinishika mkono. "Na huko kwenye maji, ukiitwa na usiyemwona, usiitike mara ya kwanza wala ya pili. Mtu huita mara tatu. Kisicho mtu huishia mbili."

Haya sote tumelelewa nayo. Nikasema ndiyo mama, nikayasahau kabla sijafika bomba la kijiji, lile ninalolitunza.

Nilipanda lori lile lile, juu ya magunia. Mbugani likazima. Dereva akashuka, akapiga chuma chini kwa hasira, akapiga kelele, "Tumeishiwa mafuta!" Mzee mmoja wa Kimasai alikuwa akichunga karibu. Alitusikia, akaondoka bila neno. Baadaye sana akarudi na kopo lenye mafuta ya ng'ombe, meupe, mazuri, akamkabidhi dereva kwa mikono miwili.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka, siwezi kujitoa. Lakini ukiangalia kwa haki, sisi ndio tuliosema mafuta bila kusema ya nini. Yule mzee hakukasirika. Aliuliza kila mmoja anakwenda wapi, na nilipomweleza habari ya Zaina akachukua kopo mikononi mwa dereva akanipa mimi.

"Gari haliyataki," akasema. "Mama anayezaa anayataka. Ayanywe yakiwa moto."

Nikamwambia ahsante mzee, shikamoo mzee, yote kwa pamoja kwa kuchanganyikiwa. Akaitikia marahaba, akawafuata ng'ombe wake.

Handeni hadi Masuguru

Basi la Korogwe lilikwama kwenye matope tukashuka kusukuma, likatoka, likakwama tena. Mwanamke mmoja aliyebeba fenesi alilipasua pale pale barabarani akatugawia wote. Alisema bora liliwe na watu kuliko livundie garini. Tulifika Korogwe mikono inanata utomvu, hakuna aliyeweza kumpa mwenzake mkono.

Nililala Masuguru, hapo hapo Korogwe, kwa shangazi yangu. Alinifungia bada, ule ugali wa muhogo, kwenye jani la mgomba, na asubuhi, baada ya swala, akanipeleka mahali ambapo barabara ya Magoma inaingia majini. Palikuwa na boti ndogo ya injini, iliyoletwa kutoka Pangani kusaidia waliozingirwa na maji. Mwenye kuiendesha aliitwa Bwana Bakari, mtu mzima wa rika la baba yangu, mfupi, kofia ya kufuma kichwani. Maneno yake yalikuwa ya pwani, mengine niliyaelewa, mengine niliyaacha yapite.

Shangazi alimwambia, "Huyu ni mtoto wa kaka yangu, fundi wa bomba huko Kang'ata."

Bwana Bakari akafurahi. "Basi, ndugu fundi, bomba lako hili hapa. Boti inavuja. Mimi nikishika injini, wewe ushike bomba. Ukiacha, tunakwenda kuwasalimia samaki."

Nilitaka kumwambia kwamba bomba langu ni la kisima, la kupandisha maji watu wanywe, si la kuyatupa. Nikaingia botini. Niliona haya, na nilimhitaji.

Kupanda Lwengera

Bomba lenyewe ni mrija wa bati nene uliosimama katikati ya boti. Chini yake umepita kwenye tundu la mbao za sakafu hadi ngama. Ngama ni neno la Bwana Bakari, maana yake ni pale chini kabisa ya boti ambako maji yote yanayoingia hukusanyika. Ndani ya mrija mna fimbo yenye ngozi ya duara, sawasawa na ya bomba letu la kijiji, na chini kuna kilango cha kuzuia maji yasirudi, kisha kichujio cha waya. Ukivuta mpini, maji yanapanda na kutokea kwenye mpira unaoning'inia nje.

Niliikuta ngozi imekauka, imejikunja kama kiatu kilichoachwa juani. Nikaipaka mafuta ya yule mzee, yale ya Zaina. Nilijiambia ni kidogo tu. Kisha nikainywesha maji kutoka juu mpaka ikavimba na kushika. Nilipovuta, maji yakaja, na mimi, kwa mazoea, nikachukua debe lililokuwa botini nikalikinga chini ya mpira.

"Unakinga nini?" Bwana Bakari akauliza.

"Maji, bwana."

"Ya kupeleka wapi?"

Nikaliweka debe chini. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Ninyi watu wa Handeni! Mkiona mafuriko mnatafuta ndoo!"

Katikati ya boti palifungwa turubai la kuzuia mvua, na mimi na bomba tulikuwa chini yake. Bwana Bakari alikaa nyuma kwenye injini, upande wa pili wa turubai. Hakuniona, sikumwona. Mbele yangu palikuwa wazi, na huko ndiko nilikoangalia.

Tuliingia kwenye shamba la mkonge. Mikonge yote ilikuwa chini ya maji, imebaki milingoti yake mirefu tu, imesimama kwenye ukungu. Bwana Bakari alipiga kelele kutoka nyuma, "Huku na kwetu milingoti ni milingoti! Ila ya kwetu ina chombo chini yake!" Nikatazama maji yale ya rangi ya chai ya maziwa nikatamani asingesema hivyo. Hakukuwa na ndege. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na ilikuwa asubuhi, jua liko juu mahali fulani, lakini mwanga haukuwa na upande.

Baada ya shamba tukafika kwenye mahame. Ni pale walipokuwa wakiishi watu wa bondeni kabla hawajahamishiwa kijiji kipya cha ujamaa huko juu. Nyumba nyingi zilikwisha kuezuliwa. Zilibaki kuta, na vichwa vya migomba, na mlango mmoja ambao bado ulikuwa kwenye fremu yake. Maji yaliufungua, yakaufunga. Yakaufungua. Kama mwenye nyumba anayesita kama atoke au akae.

Hapo mpini ukawa mgumu. Nilivuta kwa mikono yote miwili, haukupanda. Nyuzi za mkonge zilikuwa zimeingia kwenye ngama na kuziba kichujio. Injini ilipunguzwa, na nikasikia sauti, si kali, si ya mbali:

"Upo?"

Nikakumbuka maneno ya mama. Simwoni anayeita. Nikanyamaza. Maji yakaanza kupenya kati ya mbao za sakafu.

"Upo!"

Nikanyamaza. Maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nikawaza kwamba kama ni Bwana Bakari anataka kujua kama nimo, mbona haongezi jina langu?

"Upo!"

Sasa ni mara tatu, ni mtu. Nikaitika kwa nguvu, "Nipo!"

"Upo!"

"Nipo, bwana!"

Turubai likafunuliwa kwa kishindo. Uso wa Bwana Bakari ulikuwa umejaa maji na hasira. "Kama upo, mbona hunipi upo?"

Alinyoosha kidole kwenye bakuli la mti lenye mpini, lililokuwa karibu na goti langu. Mimi nilidhani ni chombo chake cha chakula. Nilikuwa nimeweka ndani yake bada ya shangazi, na nusu nilikwisha kula. Kumbe kwa watu wa pwani hicho ndicho kinachoitwa upo, chombo cha kukumbia maji bomba likishindwa.

Alimwaga bada yangu mtoni akaanza kukumba maji kama mwendawazimu. Mimi nikachomoa bomba, nikatoa nyuzi kwenye kichujio kwa kucha, nikalirudisha. Ngozi ilishika, ikavuta. Maji yalipopungua tukaanza kucheka, yeye kwanza.

"Lakini bwana," nikamwambia, "ungesema mapema. Umeita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne..."

"Sikuita mara nne. Nimeita mara tatu."

"Ile ya kwanza ulisema polepole, kama unauliza."

Akaacha kucheka. "Maji yanaingia chomboni, mimi niulize polepole?"

Sitaki kumsingizia. Mtu akiwa kwenye hatari anaweza asikumbuke aliita mara ngapi, na mimi nilikuwa na hofu, huenda nilihesabu vibaya. Niliandika hivyo hivyo kwenye daftari langu jioni ile: huenda nilihesabu vibaya.

Magoma

Zaina alikuwa amekaa kizingitini, miguu imevimba. Aliponiona alisema, "Kaka, umekuja na mikono mitupu?" nikajua bado ni yeye. Shemeji yangu alibaki kulinda mbuzi na mahindi aliyoyaokoa. Kuna watakaosema alipaswa kuja. Boti haikuwa na nafasi, na mimi niliona jinsi alivyosimama majini akitutazama mpaka tulipopotea. Aliyekuja nasi ni mama mkwe wa Zaina, bibi wa Kishambaa, mkunga, asiyesema sana.

Kabla ya kuondoka alituletea ndizi za kupika kwa maharage. Alimwambia Bwana Bakari, kwa neno la Kishambaa la kumwita mwanamume, "Kula, mgosi. Mtu mwenye njaa hupotea hata kwenye njia moja." Nikamkabidhi kopo la mafuta. Akalichungulia.

"Mbona limepungua?"

"Mengine nimelipaka bomba, bibi."

Alinitazama, akamtazama Zaina, akatazama boti. "Hata hilo bomba leo ni mkunga," akasema, akayapasha moto yaliyobaki, Zaina akanywa.

Kushuka na maji

Uchungu ulimwanza tulipokuwa tumekwisha kuondoka. Alilala chini ya turubai, kichwa kwenye mapaja ya bibi, na mimi nikawa nimepiga magoti kando yao navuta bomba. Mvua ndogo ilikuwa ikinyesha na ukungu umerudi, mzito kuliko ule wa kwenda. Bwana Bakari alikwenda polepole kwa kuogopa visiki.

Nitaeleza kosa langu, kwa sababu bila kosa hilo hadithi haina maana. Sisi hapa Kang'ata mpini wa bomba ukiwa mwepesi tunajua nini? Kisima kimekauka. Unaacha, unakwenda kukaa kivulini mpaka maji yajikusanye. Basi karibu na mahame mpini ukawa mwepesi mkononi mwangu, unapanda na kushuka bila uzito wowote. Moyo wangu ukasema, alhamdulillahi, ngama imekauka. Nikauachia. Nikamshika Zaina mkono.

Sijui tulikwenda hivyo muda gani. Niliuona ule mlango kwenye fremu. Safari hii ulikuwa umefungwa, na maji yalipita pembeni yake bila kuutikisa.

"Upo?"

Ilikuwa sauti ya kiasi, ya mtu anayeuliza. Mimi nilikwisha kufundishwa. Nikauokota upo miguuni pangu, nikaupenyeza chini ya turubai kumpa Bwana Bakari.

"Wa nini?" akauliza.

"Si umeita?"

"Sijaita." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Nami nimesikia."

Injini ilikuwa ikilia taratibu. Bibi hakutikisika. Alikuwa anatazama upande wa mlango.

"Upo?"

Bibi alinyoosha mkono akaufunika mdomo wangu. Kiganja chake kilikuwa na harufu ya moshi. Akatikisa kichwa, usiitike. Nikanyamaza. Na kwa kuwa nilikuwa nimeinama, na upo uko mkononi, macho yangu yakaangukia pale nilipouokota. Ulikuwa umelowa. Mbao za sakafu zilikuwa zinaelea. Kanga ya Zaina ilikuwa imeloa mpaka kiunoni na sisi tukadhani ni maji ya uzazi.

Ngama haikuwa kavu. Ilikuwa imejaa. Nyuzi za mkonge zilikuwa zimekiweka kilango wazi, kila nilichovuta kilirudi chini, ndiyo sababu mpini ulikuwa mwepesi. Nilipiga kelele, Bwana Bakari akauchukua upo, akazima injini na kuanza kukumba. Mimi nikalichomoa bomba. Nilitoa nyuzi, nikazivuta, ndefu, nyeupe kama nywele za mtu mzee. Nikarudisha fimbo, nikainywesha ngozi, nikavuta. Mpini ukawa mzito. Sijawahi kupenda uzito wa kitu kama nilivyoupenda ule.

Ndipo katika ukimya, injini imezimwa, Zaina amefumba macho, ikaja mara ya tatu.

"Upo?"

Na Zaina akaitika, kwa sauti nyembamba, "Nipo."

Bibi akamtikisa. "Umemwitikia nani?"

"Si kaka?"

Nilivuta bomba. Bwana Bakari alikumba maji mpaka mbao zikakaa mahali pake, akawasha injini, tukapita kwenye milingoti ya mkonge mpaka ikaisha.

Korogwe

Zaina alibebwa kwa machela kutoka majini. Hospitalini mtoto wa kike alizaliwa akilia vizuri. Lakini Zaina alivuja damu kama safari ile, na nilipoitwa ndani alikuwa amelala, midomo haina rangi. Muuguzi alikuwa akimfungia dawa mkononi. Akaniambia, "Ndugu, msemeshe. Asizame. Mwite mpaka aitike."

Nimwite vipi? Neno lilikuwa moja tu kinywani mwangu, na sikulitaka. Nilihofu kwamba alikwisha kuliitikia kwa mwingine. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na mtoto.

"Zaina, upo?"

Hakuna kitu.

"Zaina. Upo?"

Muuguzi alimshika kifundo cha mkono kupima mapigo, akanitazama. Ya tatu ilinikwama. Nikafikiri nikiita na asiitike, basi itakuwa imekwisha, lakini nisipoita itakuwa nimemwacha mimi. Nikainama mpaka sikioni.

"Zaina, upo?"

Kope zikacheza. "Nipo, kaka," akasema. "Mbona unaniuliza tena?"

Baadaye, nje, niliwauliza wenzangu. Bwana Bakari alisema kwamba yeye bara hajakutana na mtu mwingine anayekiita chombo kile upo, kwa hiyo aliyeita hakuwa anataka kukumba maji. Bibi alisema nyumba yenye mlango ni yake, na marehemu mume wake, aliyezikwa nyuma ya nyumba ile, akirudi shamba alikuwa akiita vile vile uani. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba sisi sote tunaita vile vile uani. Akasema, "Ndiyo." Inawezekana pia kulikuwa na mtu amerudi kuangalia mali yake, yuko juu ya ukuta, anatuita sisi, nasi tukampita. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote. Nilimwomba Bwana Bakari arudi kuangalia, na alirudi kesho yake. Hakukuta mtu. Mlango, alisema, ulikuwa wazi.

Zaina yuko kwa shangazi Masuguru, ananyonyesha, anamgombeza kila mtu. Mama nimemletea habari kwamba wote ni wazima, akasema ni afadhali, ingawa aliagiza mtu.

Mimi sijui kilichoita. Najua tu kwamba kama nisingeinama kuuokota ule upo, tungezama wote wanne, na huyo wa tano ambaye alikuwa hajazaliwa. Basi mkija kwangu mkaita, na nikakawia kuitika, msininunie. Naangalia kwanza miguuni kama pana maji.